Umeme Kichwani na Kumbukumbu: Yajue Haya Kabla ya Kununua Kifaa

Mtu anakutajia namba ya simu ya tarakimu kumi ili umtumie pesa. Unaishika kichwani kwa sekunde chache, vidole vinaandika, na ukimaliza tu namba imekwenda zake. Mtu akikusalimu katikati, inapotea na unalazimika kuuliza tena. Uwezo huo wa kushika jambo kwa muda mfupi huku ukilifanyia kazi ndio unaoitwa kumbukumbu tendaji. Ndio unaomwezesha konda wa daladala kukumbuka nani alitoa noti ya elfu kumi na bado anadai chenji, huku akiita abiria wa kituo kinachofuata. Mwanafunzi anautegemea anapopiga hesabu ya hatua tatu bila kuandika, na mkalimani anautegemea anapongoja msemaji amalize sentensi.

Kumbukumbu hii ni finyu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu wa kawaida hushika vitu saba hivi, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia upya ushahidi akaona kwamba mtu asipopata nafasi ya kuviunganisha vitu katika mafungu, idadi hushuka hadi vinne hivi. Ndiyo maana namba ya simu tunaitaja kwa mafungu. Na kwa kuwa ni finyu, tena hupungua kadiri umri unavyosonga, yeyote anayeahidi kuipanua hakosi wasikilizaji.

Siku hizi ahadi hiyo inakuja kwa sura ya mkanda wa kuvaa kichwani wenye betri ndani. Vaa dakika ishirini, matangazo yanasema, akili inoleke. Vifaa hivi vinauzwa mtandaoni, na wanaovitazama kwa hamu ni wanafunzi wanaokabiliwa na mitihani na watu wazima walioanza kuhofia kusahau. Niseme msimamo wangu mapema. Umeme na sumaku vinaugusa ubongo kweli, na kwa baadhi ya magonjwa ni tiba halali. Lakini kwa mtu asiye mgonjwa anayetaka tu kumbukumbu kali zaidi, ushahidi uliopo haujafikia kiwango cha kumfanya atoe pesa mfukoni.

Njia tatu za kuufikia ubongo bila kisu

Wazo lenyewe ni la kale. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba maumivu ya kichwa yatulizwe kwa kuweka taa mwenye umeme, yule samaki, juu ya mahali panapouma. Leo kazi ya samaki imechukuliwa na kisanduku kidogo cha betri chenye elektrodi mbili, ambazo mara nyingi ni vipande vya mpira vilivyovikwa sponji iliyolowa maji ya chumvi. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida miliampia 1 hadi 2. Unapita mfululizo, bila kupanda wala kushuka, kwa dakika 10 hadi 30. Njia hii hujulikana kwa kifupi kama tDCS.

Mkondo huo hauilazimishi seli ya neva kufyatua ishara. Unachofanya ni kuisogeza kidogo, iwe karibu zaidi na kufyatua au mbali zaidi. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba eneo la ubongo linaloongoza misuli ya mkono huwa jepesi kusisimka likiwa chini ya elektrodi chanya, na huwa zito chini ya elektrodi hasi. Badiliko hilo lilibaki kwa dakika kadhaa baada ya mkondo kuzimwa. Hapo ndipo mlango wa utafiti ulipofunguka kwa kishindo.

Njia ya pili, tACS, hutumia mkondo unaopanda na kushuka kwa mdundo. Ubongo wenyewe una midundo yake: makundi ya seli hufyatua kwa pamoja, mara kadhaa kila sekunde. Mdundo wa polepole uitwao theta, wa hezi 4 hadi 8, huonekana sana mtu anaposhikilia jambo kichwani. Watafiti hujaribu kuupa ubongo mdundo huo kutoka nje ili sehemu zake mbili zifanye kazi kwa kupatana.

Ya tatu ni sumaku, yaani TMS. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliitangaza mwaka 1985. Koili ya waya hushikiliwa juu ya kichwa, umeme mkubwa hupita ndani ya koili kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na uga wa sumaku unaozuka, wa tesla 1.5 hadi 2 hivi, huvuka fuvu bila kizuizi na kuzalisha umeme ndani ya ubongo. Kanuni ni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Nguvu yake si ya kubahatisha: koili ikielekezwa kwenye eneo la mkono, kidole gumba huruka chenyewe, mwenye mkono akikitazama. Mashine hulia tak-tak-tak kwa ukali, kwa hiyo mtu huwekewa vizibo masikioni.

Wengi wakisikia umeme na kichwa hukumbuka ile tiba ya “shoti” ya hospitali za magonjwa ya akili. Sivyo. Katika tiba ile mgonjwa hupewa nusukaputi na degedege husababishwa kwa makusudi. Katika njia hizi tatu mtu yuko macho, ameketi kitini, anaweza kuzungumza, na degedege ikitokea ni ajali.

Jaribio la herufi

Mahali panapolengwa zaidi ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso na juu kidogo, mara nyingi upande wa kushoto. Sababu ipo. Mwaka 1971 Joaquín Fuster na Garrett Alexander walionyesha kwamba nyani anapokumbuka mahali chakula kilipofichwa, zipo seli za eneo hili zinazoendelea kufyatua muda wote wa kungoja, ingawa chakula hakionekani tena.

Kipimo kinachotumika zaidi kwa watu ni cha herufi zinazopita kwenye skrini moja baada ya nyingine. Jaribu hili. Bonyeza kila herufi inapofanana na ile iliyopita hatua tatu nyuma: K, M, R, K, T, R. Ulipaswa kubonyeza mara mbili, kwenye K ya pili na R ya pili. Hapa zimeandikwa na unaweza kurudi kuzitazama. Kwenye skrini kila herufi hutoweka, na kila inapokuja mpya huna budi kuiachia ya zamani na kuzipanga upya zilizobaki. Baada ya dakika chache jasho linakutoka.

Mwaka 2005 Felipe Fregni na wenzake wa Boston waliwapa watu 15 jaribio hilo la hatua tatu huku miliampia 1 ikipita juu ya sehemu ya mbele kushoto kwa dakika 10. Majibu sahihi yaliongezeka ikilinganishwa na siku ya mkondo bandia, na pia ikilinganishwa na siku elektrodi ilipowekwa juu ya eneo la misuli. Mkondo bandia ni muhimu kuuelewa: kifaa huwashwa kwa sekunde chache ili ngozi iwashe, kisha huzimwa kimyakimya. Mshiriki hajui. Bila hila hiyo halali, mtu angeweza kufanya vizuri kwa sababu tu ameaminishwa kwamba atafanya vizuri.

Matokeo ya Boston yalisafiri haraka. Kila maabara ilitaka kurudia, na vifaa ni vya bei nafuu. Ndipo picha ilipoanza kuingia ukungu. Andre Brunoni na Marie-Anne Vanderhasselt walipokusanya tafiti mwaka 2014, waliona kwamba sumaku iliongeza kasi na usahihi wa majibu, lakini mkondo wa betri uliongeza kasi peke yake. Mwaka uliofuata Jared Horvath na wenzake wa Australia walikusanya tafiti za watu wasio wagonjwa waliopewa mkondo mara moja tu, wakasema hawakuona athari yoyote ya kutegemewa kwenye akili. Wapo waliopinga namna walivyokokotoa, na ubishi ule ulikuwa mkali. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2016, ulizingatia tatizo ambalo kila msomaji wa habari za sayansi anapaswa kulijua: utafiti ulioona faida huchapishwa, ulioshindwa hubaki kabatini. Wachambuzi walipojaribu kusahihisha upendeleo huo, sehemu kubwa ya faida iliyeyuka. Kilichosalia ni faida ndogo pale mkondo ulipoambatana na mazoezi ya kumbukumbu yenyewe.

Faida ndogo maana yake nini kwa maisha ya kawaida? Ni sehemu ya sekunde katika kubonyeza kitufe, au herufi chache zaidi zilizotambuliwa kati ya nyingi. Hiyo si alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne.

Kisa kimoja kinanigusa zaidi ya vyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichukua kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kinauzwa kwa umma, wakakipima kwa jaribio lilelile la herufi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliovaa kifaa kikiwa kimewashwa walikosea zaidi. Kitu kilichonunuliwa kiongeze akili kiliipunguza, na mnunuzi aliyeko nyumbani asingeweza kujua, kwa sababu ngozi inawasha na matumaini yapo.

Kwa nini matokeo yanagongana

Sababu ya kwanza ni fuvu. György Buzsáki, mtaalamu wa ubongo wa New York, na wenzake walipima mkondo ndani ya vichwa vya maiti, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba karibu asilimia 75 ya umeme unaowekwa juu ya ngozi hupotelea kwenye ngozi na fuvu bila kuufikia ubongo. Ni kama kumwita mtu aliye ndani ya nyumba ya mawe huku umesimama barabarani: sauti inafika, lakini imefifia, na kila nyumba ina kuta zake. Unene wa fuvu hutofautiana kati ya mtu na mtu, na mikunjo ya ubongo pia.

Ya pili ni kwamba zaidi si bora. Giorgi Batsikadze na wenzake, pale pale Göttingen, waliripoti mwaka 2013 kwamba elektrodi hasi, ambayo kwa miliampia 1 huzituliza seli, ilizisisimua ilipopandishwa hadi miliampia 2 kwa dakika 20. Kwa hiyo anayejiongezea dozi nyumbani akidhani anaongeza faida anaweza kuwa anageuza kazi ya kifaa juu chini.

Ya tatu inatokana na utafiti wa Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford, wa mwaka 2013. Washiriki walijifunza alama ngeni zilizosimamia tarakimu, huku sehemu moja au nyingine ya ubongo ikipewa mkondo. Kundi moja lilijifunza haraka lakini likawa dhaifu katika kuzitumia alama hizo bila kufikiri. Kundi la pili likawa kinyume chake. Ubongo ulitoa kwa mkono huu na kupokonya kwa mkono ule. Ukipimwa kumbukumbu peke yake hutaona kilichopungua kwingine, na mtengenezaji wa kifaa hana sababu ya kukutafutia.

Sumaku iliyofufua kumbukumbu

Yasitufanye haya tuidharau sayansi yenyewe. Kwa maoni yangu thamani kubwa ya zana hizi mpaka sasa ni kutufundisha jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, na mfano mzuri ni utafiti wa Nathan Rose, Bradley Postle na wenzao, uliochapishwa katika jarida la Science mwishoni mwa mwaka 2016.

Mshiriki alionyeshwa vitu viwili vya kukumbuka, kwa mfano sura ya mtu na neno. Kisha akaashiriwa kwamba ataulizwa kimoja kwanza. Kompyuta iliyokuwa ikisoma shughuli za ubongo iliweza kutambua kile alichokuwa anakifikiria. Kile kingine, ambacho bado angeweza kuulizwa baadaye, kilitoweka kabisa kwenye vipimo, kana kwamba kimesahaulika. Ndipo watafiti wakapiga pigo moja la sumaku kwenye eneo la ubongo linalohusika nacho. Kumbukumbu iliyotoweka ikaonekana tena kwenye vipimo, kwa kitambo kifupi. Walipofanya hivyo kwa kitu ambacho mshiriki alijua hataulizwa tena, hakuna kilichorudi.

Maana yake ni kubwa. Kwa miongo mingi ilidhaniwa kwamba kushika jambo kichwani ni lazima seli ziendelee kufyatua bila kupumzika, kama zile za nyani wa mwaka 1971. Inaonekana sasa kwamba ubongo unaweza kuliweka jambo kimya, pengine katika nguvu ya miunganiko ya seli, na kulitoa linapohitajika. Mwalimu anayemkaripia mtoto kwa kuwa “amesahau” swali la pili wakati anajibu la kwanza angefaidika kulijua hili.

Habari za wazee

Matumaini makubwa zaidi yametoka kwa wazee, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu habari hizi ndizo zinazotumiwa sana na wauzaji.

Robert Reinhart na John Nguyen wa Chuo Kikuu cha Boston waliripoti mwaka 2019 juu ya vijana 42 wa miaka 20 hadi 29 na wazee 42 wa miaka 60 hadi 76. Kazi ilikuwa kutazama picha, kungoja kidogo, kisha kusema kama picha inayofuata ni ileile au imebadilika. Wazee walikuwa wanachelewa na kukosea zaidi. Mdundo wa theta kati ya sehemu ya mbele na ya ubavuni mwa ubongo wao ulikuwa haupatani. Walipopewa tACS kwa dakika 25, mdundo ukiwa umerekebishwa kufuata ubongo wa kila mmoja, wakafikia kiwango cha vijana, na faida iliendelea kuonekana kwa dakika 50 za upimaji uliofuata.

Mwaka 2022 timu hiyo ilitoa utafiti mpana zaidi wa watu 150 wa miaka 65 hadi 88. Safari hii walisikiliza orodha za maneno 20 na kuyakumbuka, huku wakipewa mkondo dakika 20 kwa siku, siku nne mfululizo. Mdundo wa polepole upande wa nyuma wa ubongo ulisaidia kukumbuka maneno ya mwishoni mwa orodha, ambayo ndiyo yaliyo kwenye kumbukumbu tendaji. Mdundo wa haraka upande wa mbele ulisaidia yale ya mwanzoni, yaliyokwishahifadhiwa kwa muda mrefu zaidi. Faida ilionekana hata mwezi mmoja baadaye.

Ni kazi nzuri na ninaiheshimu. Lakini washiriki walikuwa wazee wasio na ugonjwa wa kusahau, vifaa vilikuwa vya maabara vilivyopangwa kwa uangalifu, na kilichopimwa ni orodha za maneno. Hakuna aliyepimwa kama anakumbuka kumeza dawa zake za presha au alipoweka funguo. Mkanda unaouzwa mtandaoni kwa kunukuu tafiti hizi si kifaa kile kilichotumika Boston.

Usalama, na nani asiguse kabisa

Kwa mkono wa mtaalamu, mkondo wa betri una rekodi nzuri. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyoongozwa na Marom Bikson yalihesabu zaidi ya vipindi 33,200 kwa watu zaidi ya 1,000 bila madhara makubwa, mkondo usizidi miliampia 4 na muda usizidi dakika 40. Madhara ya kawaida ni ngozi kuwasha, wekundu na kichwa kuuma kidogo. Ngozi huungua pale sponji inapokauka au elektrodi inaposhika vibaya.

Rekodi hiyo haihusu kifaa kilichoundwa nyumbani. Mitandaoni zipo video za vijana wanaounganisha betri ya volti 9 na waya mbili. Betri hiyo haina kidhibiti cha mkondo. Ngozi ikilowa, umeme huongezeka bila wewe kujua. Na nasema hili waziwazi kwa kuwa umeme wa ukutani uko kila nyumba: usithubutu kuunganisha kichwa chako na chaja ya simu au kitu chochote kilichochomekwa kwenye soketi. Hitilafu moja ndani ya chaja hafifu inaua.

Kwa sumaku hatari inayoogopwa ni degedege. Ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000 masharti yakifuatwa, lakini hatari hiyo haigawanyiki sawa. Aliyewahi kuugua kifafa, kuumia kichwa vibaya au kupata kiharusi yuko kwenye kundi jingine. Hapa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Malaria ya ubongoni utotoni inaweza kuacha kifafa baadaye. Minyoo ya tegu wa nguruwe inayofika kwenye ubongo huleta degedege ukubwani, na huko Mahenge, mkoani Morogoro, kifafa kimehusishwa kwa muda mrefu na usubi. Mtu anaweza kuwa na kovu kwenye ubongo bila kujua. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama ulipata degedege utotoni, mpigie mama au shangazi aulizwe, usijibu kwa kubahatisha. Taja pia dawa zote unazotumia: tramadol, dawa ya malaria ya mefloquine, na baadhi ya dawa za sonona na za magonjwa ya akili hupunguza kinga ya ubongo dhidi ya degedege. Pombe na kukesha vivyo hivyo.

Mwenye chuma au kifaa cha umeme kichwani, kama kipandikizi cha kusikia au kibanio cha mshipa wa damu, asikaribie koili. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo aseme kabla hajaketi. Mjamzito asubiri ushauri wa daktari wake. Na kwa watoto wasio wagonjwa, ubongo wao bado unajengwa. Sioni sababu yoyote ya mzazi kuujaribia kifaa cha dukani.

Pale ambapo ni tiba

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu sumaku kutibu sonona mwaka 2008, kwa wagonjwa ambao dawa hazikuwasaidia vya kutosha. Uingereza nayo iliikubali katika mwongozo wa mwaka 2015. Kawaida mgonjwa huenda siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Kipindi kimoja kilikuwa kinachukua dakika 37 hivi, mpaka utafiti wa Kanada wa mwaka 2018, uliokuwa na wagonjwa 414, ulipoonyesha kwamba mfumo mpya wa dakika 3 haukuwa duni kwa ule wa zamani.

Sonona huharibu kumbukumbu tendaji. Mgonjwa husoma ukurasa mmoja mara tatu na hashiki kitu. Sonona ikipungua, kumbukumbu nayo yaweza kupumua, na hiyo ni njia tofauti na kudai kwamba sumaku inanoa akili ya mtu yeyote. Kliniki ikikuambia kifaa chake kinatibu sonona, kusahau, ulevi, tawahudi na kufeli mitihani kwa bei moja, ondoka. Ukibaki, uliza ni ugonjwa gani hasa umethibitishwa kwako na nani. Ni mashine gani na imesajiliwa na nani, kwa Tanzania ni TMDA na kwa Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu. Nani atakuwepo chumbani ukipata degedege, na ana vifaa gani. Uliza pia watakavyojua kama tiba haisaidii, na watasimamisha lini. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa maswali haya.

Kama shida yako ni kusahau

Anza na hospitali ya karibu. Kusahau au kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, hasa kukiwa na mdomo kwenda upande au mkono kulegea, ni dharura ya kiharusi: nenda saa hiyo hiyo. Kusahau kunakokuja taratibu kuna visababishi vingi vinavyopimika: presha, kisukari, tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, virusi vya Ukimwi, kaswende, pombe, dawa za usingizi na za mzio, na masikio yasiyosikia vizuri. Hili la masikio linapuuzwa mno. Mzee asiyesikia swali huonekana amesahau jibu.

Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kupunguzwa, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia, kuona hafifu, uvutaji sigara na kutofanya mazoezi. Kipimo cha presha hupatikana hata kwenye zahanati. Na usingizi wa usiku mmoja mzima humsaidia mwanafunzi kuliko mkanda wowote niliosoma habari zake.

Bado lipo pengo ambalo ni letu kulijaza. Tafiti nilizozitaja zilifanyika Göttingen, Boston, Leiden, Oxford na kwingineko kama huko. Hata vifaa vyenyewe vilibuniwa kwa nywele laini: elektrodi hushindwa kushika juu ya misuko, dredi au nywele zenye kipilipili, na watu weusi wamekuwa wakiachwa nje ya tafiti za ubongo kwa sababu hiyo. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alibuni elektrodi za kupima umeme wa ubongo zinazoshikwa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, akaonyesha kwamba kilichokosekana ni nia tu. Kwa hiyo ukialikwa kushiriki utafiti wa namna hii, usikimbie. Soma fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Uliza kama utafiti umepitishwa na kamati ya maadili, kupitia NIMR kwa Tanzania au kamati zilizoidhinishwa na NACOSTI kwa Kenya. Hutakiwi kulipa chochote ili ushiriki, na una haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.